Kijana wa miaka 15 kapimwa presha 134/82, bibi yake anataka kumpa vidonge vyake. Nifanyeje?

BabaKijana_Makorora

Habari za jioni wana jukwaa, shikamooni wakubwa.

Kijana wangu yuko kidato cha pili, miaka 15, mwili anao, wenzie wanamwita kibonge. Jumamosi nilimtuma duka la dawa akachukue vidonge vya presha vya mama yangu. Kufika huko kakuta muuzaji anapima watu, naye kakaa akapimwa. Mashine ikasoma 134/82. Karudi na kikaratasi anacheka, "Baba na mie nishakuwa mzee." Aliyempima kamwambia ana presha, apunguze nyama.

Mama yangu hakucheka. Yeye ana presha ya siku nyingi, na marehemu baba aliondoka kwa kiharusi. Asubuhi yake nimemkuta kakata kidonge chake cha amlodipine kwa kisu cha mkate, nusu kaiweka kwenye kisosi pembeni ya chai ya mjukuu. Nikaichukua nikaitia mfukoni. Tangu hapo salamu zenyewe ni za mdomo tu. Yeye anasema nangoja mtoto apooze ndiyo niamini.

Sasa nauliza. Huyu mtoto anaumwa au haumwi? Maana mimi najua presha ni 140/90, na yeye hajafika. Pili, hiyo nusu kidonge ina ubaya gani? Tatu, mke wangu anataka kuanza kumpikia peke yake chakula kisicho na chumvi, na dogo kashaanza kununa. Nani mwenye uzoefu anisaidie.

Mgosi_wa_Duga

Mgosi, kitunguu swaumu punje tatu na ndimu, asubuhi kabla hajala kitu. Wazee wetu walikuwa hawana mashine na walifika miaka tisini.

BiNesi_Ngamiani

Marahaba baba. Mimi ni nesi mstaafu, kazi yangu nimeifanyia hapahapa Tanga, wodini na kliniki, na presha nimepima mpaka masikio yakachoka. Mgosi wa Duga, kitunguu swaumu atie kwenye mboga, ni kitamu. Wale wazee waliofika tisini tunawakumbuka kwa sababu walifika. Waliodondoka hamsini hakuna anayewatolea mfano.

Tuanze na hiyo 134/82, kwa sababu mimi bado siiamini. Siyo kwamba nasema ni ya uongo. Nataka kujua imepatikanaje. Alifika pale kwa miguu, kwa bajaji au kwa baiskeli? Alikaa kimya muda gani kabla ya kupimwa? Alikunywa nini? Mkanda ulivaliwa juu ya kiwiko au ilikuwa ile mashine ndogo ya kifundo cha mkono? Na aliyempima alikuwa anapiga naye soga huku mashine inajaza upepo?

Presha hupimwa hivi. Mtoto akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, miguu haijapishana, mgongo umetulia. Akae kimya dakika tano, bila simu mkononi. Mkono, wa kulia ndiyo bora, uwe juu ya meza usawa wa kifua, na shati likunjwe au livuliwe, mkanda usikae juu ya nguo. Kisha mkanda wenyewe, na hapa ndipo vijana wenye mwili huonewa. Ndani ya mkanda kuna mfuko wa mpira unaojaa upepo. Mfuko huo unatakiwa uzunguke mkono angalau asilimia 80 ya mzunguko wake. Ukichukua mkanda wa mtu mwembamba ukambana nao kijana mnene, mashine itakuletea namba kubwa kuliko ukweli. Nimeona watoto wanapelekwa kwa daktari mama analia, tunabadilisha mkanda, namba inashuka, mama anafuta machozi.

Kuhusu 140/90 baba, hiyo ni mizani ya watu wazima na ndiyo uliyoizoea. Kwa vijana kuanzia miaka 13, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 unasema hivi: chini ya 120/80 ni sawa. Kuanzia 120 mpaka 129 kwa namba ya juu, na ya chini haijafika 80, imepanda kidogo, iangaliwe. Kuanzia 130/80 ni hatua ya kwanza ya presha, na 140/90 kwenda juu ni hatua ya pili. Kwa hiyo namba ya kijana wako ingekuwa ya kweli, isingekuwa ya kupuuza. Lakini hakuna mtoto anayeitwa mgonjwa wa presha kwa kipimo kimoja cha duka la dawa. Lazima irudiwe kwa safari tatu tofauti, na zote zije juu.

Sasa nusu kidonge. Muombe bibi radhi kwa adabu, maana kafanya kwa mapenzi, lakini msimamo wako ushikilie. Amlodipine yenyewe hata watoto hupewa, ila na daktari, baada ya kujua presha imetoka wapi. Kwa kijana mara nyingine presha hutoka kwenye figo, au mshipa mkuu utokao moyoni umebanwa mahali. Ndiyo maana daktari makini atampima mkojo, na atagusa mapigo kwenye kinena alinganishe na ya mkononi. Ukimpa nusu kidonge chini kwa chini, unaifunika dalili na chanzo kinaendelea kula ndani. Jambo la pili ambalo bibi hajalipigia hesabu: vidonge vyake vimehesabiwa mpaka tarehe ya kliniki. Akigawana na mjukuu, vitamwishia yeye kabla. Huyo ndiye mwenye hatari ya kiharusi ndani ya nyumba yako leo.

Kuna mambo hayangojei kurudia vipimo. Akizimia katikati ya kukimbia, kifua kikimbana akiwa anacheza, akikosa pumzi akilala chali, uso ukivimba asubuhi au mkojo ukiwa mwekundu, kichwa kikimuuma sana huku macho yanaona ukungu, nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Nijibu hayo maswali kwanza, ya chungu tutakuja.

BabaKijana_Makorora

Ahsante sana Bi Nesi. Nimemkalisha nikamhoji kama polisi. Alikwenda kwa baiskeli ya jirani, jua la saa saba, tena alikuwa anashindana na bodaboda. Njiani alinunua enaji, kile kinywaji cha kuongeza nguvu, akaimaliza yote, chupa ya mililita 400. Hakupumzishwa, alifika akakaa kwenye stuli akapimwa. Mashine ni ya kifundo cha mkono. Kumbe hiyo enaji anakunywa karibu kila siku shuleni, nilikuwa sina habari kabisa. Anasema wote wanakunywa, eti bila hiyo huwezi kukaa macho kipindi cha mchana.

BiNesi_Ngamiani

Umeona? Hapo hata mimi ningesoma 134.

Mwambie achukue chupa yake asome ubavuni. Nyingi huandikwa kafeini miligramu 32 kwa kila mililita 100. Chupa ya 400 basi ni miligramu 128. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 iliweka kipimo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku. Mtoto wa kilo 40 mwisho wake ni 120, kwa hiyo mwenzie mwembamba wanayekunywa naye kashapita kwa chupa moja. Wako ana mwili, bado yumo, lakini kafeini hupandisha presha kwa saa kadhaa na kufanya moyo uende mbio, na sijaitaja sukari. Kwenye chupa nyingi za namna hiyo sukari ni kama gramu 11 kwa mililita 100. Zidisha mwenyewe. Inakuja zaidi ya gramu 40, vijiko vya chai kumi na moja hivi. Mpe vijiko kumi na moja vya sukari kwenye bakuli uone kama atavila.

Na hilo la kutokaa macho mchana, muulize analala saa ngapi. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Akilala saa sita usiku na simu chini ya mto, akaamshwa alfajiri, basi mchana atasinzia, atakunywa enaji, na usiku enaji itamnyima usingizi. Simu ilale sebuleni. Hata yako.

Chungu sasa. Mkeo asimpikie peke yake. Ukimtenga mtoto na sahani yake atajiona mgonjwa, na chips za nje atazila kwa hasira. Pikeni chungu kimoja chenye chumvi kidogo, ale yeye, ale bibi mwenye presha, uleni nyinyi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mtoto chini ya hapo. Humo imo chumvi ya mkate, ya ng'onda (samaki mkavu), ya kile kidonge cha mchuzi ambacho siku hizi bila yenyewe watu wanaona mboga haijaiva.

Kuna njia nilikuwa nawafundisha akina mama kliniki. Fungua pakiti mpya ya chumvi ya gramu 500, iandike tarehe kwa kalamu. Ikiisha, hesabu siku, kisha gawanya na watu mnaokula. Mkiwa watano na pakiti imeisha kwa siku kumi, kila mtu kala gramu 10 kwa siku, mara mbili ya kipimo, kabla hujagusa cha mitaani. Hakuna atakayebisha hapo, pakiti yenyewe ndiyo shahidi.

Ng'onda na papa mkavu roweka usiku, maji mwaga, na usitie chumvi nyingine. Nazi siikatazi, mimi mwenyewe Mtanga, ila tui zito la kwanza si lazima lipande kwenye kila mboga kila siku. Mchunga, kisamvu, mchicha, dagaa, maharage, ongeza. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu ale yenyewe na nyuzi zake, msimkamulie. Na ile embe mbichi ya pilipili na chumvi getini mwa shule... hiyo najua vita yake, nami niliila. Pilipili ibaki, chumvi ipungue.

Mgosi_wa_Duga

Bi Nesi shikamoo. Lakini si mtoto huyu? Mishipa kuziba ni mambo ya wazee, atakua atapungua mwenyewe.

BiNesi_Ngamiani

Marahaba. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani waliandika habari za maiti 300 za askari waliokufa vitani Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, vijana wa kubeba bunduki na kupanda milima. Zaidi ya robo tatu mishipa ya moyo ilikuwa tayari imeanza kuharibika. Hawakuanza siku waliyovaa gwanda, walianza wakiwa watoto. Ndiyo maana tunaongea hapa.

Kocha_Tangamano

Mimi nafundisha vijana mpira jioni, nachangia upande wangu. Shirika hilohilo la Afya linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kumtoa jasho. Si lazima ziende mfululizo. Dakika ishirini za baiskeli kwenda shule, ishirini kurudi, na ishirini za kucheza, kwisha habari.

Tanga hii ilikuwa ni mji wa baiskeli, wageni wakija walikuwa wanashangaa. Barabara tambarare, Chumbageni mpaka Raskazone hupandi kilima cha maana. Siku hizi mzazi anampa mtoto nauli ya bajaji ili "asichoke". Mwacheni achoke!

Lingine, wazazi wengi wanadhani mazoezi ni ya wale wa timu. Kibonge akija uwanjani anawekwa golini, anasimama pale jioni nzima kama nguzo, halafu tunasema kacheza mpira. Mimi golikipa naye anakimbia na wenzake, akichoka anatembea, akipata pumzi anaendelea. Na mabinti msiwasahau. Wa kiume ana uwanja, wa kike akimaliza la saba tu mnamwambia rede na kuruka kamba ni utoto, akae jikoni. Kamba ya kuruka dakika kumi inamtoa jasho hata mchezaji wangu wa akiba.

Zege_na_Kachumbari

Nakaanga chips Ngamiani, wateja wangu nusu ni wanafunzi. Sitaki kuharibu biashara za watu lakini dada nesi kanigusa.

Chumvi: mwanafunzi anachukua kile kikopo anatikisa kabla hajaonja. Mimi nimetoa kikopo mezani, anayetaka aniombe. Unajua wangapi wanaomba? Wachache mno. Kumbe ni mkono tu umezoea.

Mafuta: mzazi ukipita na mwanao angalia karai. Mafuta yaliyochoka ni meusi na mazito, yanatoa moshi hata moto ukiwa mdogo, na ukitia viazi yanapandisha povu jingi linalokaa, halitulii. Harufu yake inakuna koo. Hapo usile, hata kama muuzaji ni mimi. Mafuta mapya povu lake ni la kuchemka tu, likipanda linashuka. Wengine wanayachuja na kuongeza mapya juu kila asubuhi, yale ya chini hayatupwi milele.

Chips kila siku si chakula, nasema mimi ninayeuza. Kijana akinambia nimfungie zege, yaani chips mayai, namuongezea kachumbari mpaka inamwagika, ndiyo ninaloweza. Mihogo ya kuchemsha na samaki ningeuza pia, haitoki.

MamaBinti_Pongwe

Nimesoma yote, mnaongea chumvi na mafuta, naomba niongeze la koo, maana mimi limenikuta na wengi hawalijui.

Binti yangu alikuwa mwembamba kama ufito, presha hana, soda hanywi. Akiwa na miaka 11 alikuwa akiumwa koo mara kwa mara, namkoroga maji ya chumvi anasukutua, linapita. Safari moja baada ya koo kupona goti likavimba likauma, siku chache likapoa, likahamia kifundo, kisha kiwiko. Zahanati tuliyokwenda wakasema malaria, mara wakasema anakua. Baadaye akawa hawezi kupanda ngazi za darasani bila kusimama. Ndipo daktari mmoja akamsikiliza moyo akasikia sauti isiyo ya kawaida. Tukapelekwa mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Vali ya moyo imeharibika, vijidudu vya koo ndivyo vilivyoanzisha.

Sasa kila baada ya wiki nne anachomwa penadur, sindano ya penisilini. Inauma, anachechemea siku nzima, lakini yuko shule na anafanya vizuri. Mwenye mtoto anayeumwa koo na homa, bila mafua wala kikohozi, asimtibu kwa maji ya chumvi peke yake kama mimi, ampeleke akaangaliwe.

BiNesi_Ngamiani

Mama, Mungu amzidishie afya. Wazazi msikilizeni. Hao vijidudu huwaandama zaidi watoto wa miaka 5 mpaka 15. Koo likipona, wiki mbili hadi nne baadaye mwili unaopigana nao hugeuka kushambulia viungo na vali za moyo. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, moyo unasalimika. Na sindano hiyo ya kila mwezi asiruke hata mara moja kwa kuwa binti anajisikia mzima. Yuko mzima kwa sababu ya sindano.

BabaKijana_Makorora

Naleta mrejesho. Nilimpeleka kituo cha afya asubuhi, bila enaji, kakaa dakika zake kimya, wakamtafutia mkanda mpana. Imesoma 126/78. Wakarudia mkono uleule, 124/76. Mkojo hauna tatizo. Tumeambiwa turudi.

Bibi nimemsomea maneno ya Bi Nesi, hasa lile la vidonge kumwishia yeye kabla ya kliniki. Kanyamaza, kisha kauliza, "Huyo nesi ni wa ukoo gani?" Mambo yametulia kidogo. Kikopo cha chumvi kimeondoka mezani, ila achari yake kaihamishia chumbani.

Naomba kijana aulize swali lake hapa, kanisumbua tangu jana.

Shikamoo bibi nesi. Mimi ndiye mwenyewe. Shuleni wanachagua timu ya kwenda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, nataka kujaribu kutupa tufe na mbio za mita 200. Baba anasema ningoje mpaka mnipime tena. Nikikimbia moyo hautapasuka? Na enaji siku ya mashindano tu je?

BiNesi_Ngamiani

Marahaba mjukuu wangu. Haupasuki. Kwa namba hizo za 126 na 124 wewe hukatazwi kukimbia, kukimbia ndiyo dawa yako. Ingekuwa 140 kwenda juu ningekwambia ngoja daktari akuangalie kwanza, hasa hilo tufe, kwa sababu kubana pumzi na kusukuma kitu kizito hupandisha presha ghafla. Kajaribu. Ukihisi kizunguzungu au kifua kubana, acha papo hapo umwambie mwalimu, usione haya.

Enaji hapana, hata siku ya mashindano. Moyo tayari utakuwa unakwenda mbio kwa woga na kwa jua, usiuongezee. Maji, na dafu ukilipata, na ndizi kabla ya kuingia uwanjani.

Kipimo kijacho nenda asubuhi, ukakojoe kwanza, kibofu kilichojaa nacho hupandisha namba. Omba mkanda uleule mpana. Kile kikaratasi cha duka la dawa usikitupe, kabandike kwenye daftari pamoja na namba za kituo, daktari avione vyote kwa mpangilio. Halafu baba yako naye akae kwenye kiti apimwe. Mtoto wa mama mwenye presha, na baba aliyeondoka kwa kiharusi, sijasoma popote humu kwamba yake imewahi kuangaliwa.

BabaKijana_Makorora

Bi Nesi jamani. Haya, nitapimwa.